Mafuta, hazina na kiti cha rais: jibu kwa msomaji wa Tanga

SWALI: Mimi ni mkazi wa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu Chongoleani, na mtaani mazungumzo hayaishi. Wapo wanaosema mafuta ni laana: nchi ikiyapata, rais hang'oki, pesa hazionekani na vita huzuka. Wengine wanasema shida ni watu, si mafuta, na dawa yake ni sheria nzuri. Nani yuko sahihi? Kama sheria ndiyo dawa, mbona nchi zilizotunga sheria nzuri nazo zimeharibikiwa? Na sisi huku Tanga tuangalie nini?

JIBU: Mafuta yakipatikana, jambo la kwanza kubadilika ni nani anamtegemea nani. Serikali inayoishi kwa kodi inamtegemea mwenye duka, mkulima, mfanyakazi wa mshahara na mwenye lori. Wakigoma, wakificha biashara au wakihama, hazina inayumba, kwa hiyo mtawala hulazimika kuwasikiliza hata kama hapendi. Serikali inayoishi kwa mafuta inategemea kampuni tatu au nne, bomba moja na gati moja la kupakia meli. Wananchi wanaweza kununa mwaka mzima na pesa zikaendelea kuingia. Rais asiyeng'oka, pesa zisizoonekana na vita, mambo hayo yote yanaanzia hapo, ingawa hayatokei kila mahali. Anayesema shida ni watu amekaribia, ila anasahau kwamba mafuta huwapa watu hao nguvu ambayo pamba au kahawa haijawahi kumpa mtawala yeyote.

Tuifuate kwanza hela ya pipa moja, maana siasa imo ndani ya hesabu. Chukua mkataba wa kugawana uzalishaji, aina inayotumika katika nchi nyingi za Afrika. Namba hizi ni za mfano tu. Pipa linauzwa dola 70 bandarini. Ondoa dola 12 za kulisafirisha kwa bomba. Kisimani thamani yake ni dola 58. Mrabaha, yaani fungu la serikali linalokatwa kabla ya gharama, ni asilimia 12.5 na unaipa serikali dola 7.25, zinabaki 50.75. Kampuni inaruhusiwa kujirudishia gharama zake hadi asilimia 60 ya kiasi hicho, yaani dola 30.45. Kinachobaki, dola 20.30, ndiyo faida, nayo inagawanywa nusu kwa nusu: serikali inapata 10.15. Jumla ya serikali kwa pipa hilo ni dola 17.40, kabla ya kodi ya mapato.

Sasa bei ishuke hadi dola 45 na kila kitu kingine kibaki vilevile. Kisimani zinabaki 33. Mrabaha unakuwa dola 4.13 hivi, gharama zinachukua 17.33, sehemu ya faida ya serikali ni 5.78. Jumla ni dola 9.90. Bei imeshuka kwa asilimia 36, mapato ya serikali yameshuka kwa asilimia 43. Waziri wa fedha aliyeajiri walimu na kuongeza mishahara kwa bei ya dola 70 hawezi kuwafukuza walimu hao bei ikifika 45. Atakopa. Na mkopeshaji aliye tayari wakati kama huo ni yule anayeyataka mafuta yenyewe kama dhamana. Nitarudi hapo.

Usiupite haraka mstari wa gharama. Ndio mkubwa kuliko yote katika hesabu ile, na unaandikwa na kampuni yenyewe. Kampuni ikikodi mtambo wa kuchimba kwa bei ya juu kutoka kwa kampuni dada, au ikiingiza matumizi ya makao yake makuu ya Ulaya kwenye gharama za kisima, faida ya kugawana inapungua na fungu la serikali linapungua pamoja nayo, bila sheria yoyote kuonekana imevunjwa. Kwa kawaida mkataba huipa serikali miaka michache tu ya kukagua na kupinga gharama. Muda huo ukipita, gharama imekubalika. Nchi isiyo na wakaguzi waliofundishwa mahesabu ya mafuta hupoteza hapo kimyakimya, na uamuzi wa kuwaajiri wakaguzi hao au kuwaacha ni wa kisiasa kabisa.

Hesabu ile ina jambo jingine. Gharama kubwa ni za mwanzoni, kwa hiyo miaka ya kwanza ndiyo serikali hupata kidogo zaidi. Lakini miaka hiyohiyo ndiyo wanasiasa huwa wameahidi makubwa zaidi. Pengo hilo kati ya ahadi na mapato limewasha hasira sehemu nyingi kabla hata rushwa haijaanza kuzungumzwa.

Mtawala akishaipata hela hii huitumia namna gani kujiimarisha? Njia anayoiona kila mtu ni kupunguza mzigo wa wananchi ili wasidai. Nigeria kwa miaka mingi iliuza petroli kwa bei ya chini kuliko gharama yake. Januari 2012 ruzuku ilipoondolewa, lita iliruka kutoka naira 65 hadi 140 na ushei kwa usiku mmoja; nchi ikasimama kwa mgomo, na katikati ya mwezi huohuo bei ikarudishwa hadi 97. Wageni wengi walishangaa watu kuandamana kutetea ruzuku iliyokuwa ikiwanufaisha zaidi wenye magari na walanguzi wa mpakani. Mimi sishangai. Kwa Mnigeria wa kawaida petroli rahisi ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya mafuta aliyoweza kuishika kwa mkono. Kuiondoa bila kumpa hospitali wala umeme ni kumwambia fungu lake limekwisha. Ruzuku hiyo ilidumu mpaka Mei 2023, Rais Bola Tinubu alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba imekufa.

Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi, inaonyesha upande mwingine wa mpango huohuo. Maandamano yalipozuka Sohar mwaka 2011, Sultani Qaboos aliahidi ajira 50,000 na posho ya rial 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi. Bei ya mafuta ilipodhoofika miaka iliyofuata, serikali ikaanza kuchukua badala ya kutoa: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilianza Aprili 2021, na Mei mwaka huohuo vijana wakarudi barabarani kudai kazi.

Njia ya pili haionekani kwa urahisi. Mtawala huwalisha wakubwa, na chombo chake ni kampuni ya taifa ya mafuta. Angola ni shule kamili ya jambo hili. José Eduardo dos Santos alitawala kuanzia 1979 hadi 2017, na Sonangol haikuwa kampuni ya mafuta tu: ilikopa nje kwa niaba ya serikali, ililipia ruzuku, ilijenga nyumba, ilimiliki hisa za benki. Mwaka 2011 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema kuna dola bilioni 32 ambazo hesabu za serikali za 2007 hadi 2010 hazikuweza kuzieleza. Baadaye sehemu kubwa ilielezwa: Sonangol ilikuwa imezitumia moja kwa moja bila kupitia bajeti. Watu wengi hutulia wakisikia hivyo, kana kwamba tatizo limekwisha. Kwangu hilo ndilo tatizo lenyewe. Pesa ikitumika nje ya bajeti, Bunge halikuijadili na mkaguzi hakuigusa, na anayeamua nani apewe zabuni anajibu kwa mtu mmoja. Juni 2016 rais alimteua binti yake Isabel kuongoza Sonangol. Mrithi wake, João Lourenço, alimwondoa Novemba 2017, chini ya miezi miwili baada ya kuingia ikulu. Alijua nchi inaendeshwa kutoka wapi.

Hata hivyo, tusiyatwike mafuta mzigo usio wake. Teodoro Obiang alipindua serikali ya Guinea ya Ikweta mwaka 1979. Kisima kikubwa cha Zafiro kiligunduliwa 1995. Alikuwa dikteta maskini akawa dikteta tajiri. Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya rais mwaka 2005, mwaka mmoja kabla mafuta ya kuchimbwa kibiashara hayajathibitishwa. Na kwa upande wa pili, Ghana ilikwisha kubadilisha chama tawala kwa kura mwaka 2000 na 2008, mafuta yakaanza kutoka Desemba 2010, na bado wapiga kura wakabadilisha chama tena 2016 na 2024. Norway ilipokuta mafuta ya Ekofisk mwaka 1969 ilikuwa na Bunge lenye meno na watu waliozoea kulipa kodi na kuhoji. Ninavyoona mimi, mafuta huikuta siasa ilivyo na kuigandisha. Palipokuwa na mazoea ya kumhoji mtawala, mazoea hayo huendelea, ingawa kwa shida zaidi. Palipokuwa na mtu mmoja juu ya wote, mtu huyo hupata fedha za kubaki. Wala kubaki huko hakuna maana kwamba hatajenga kitu: Suharto wa Indonesia alitumia fedha za mafuta za miaka ya 1970 kujenga shule za msingi zaidi ya 60,000, na bado alikaa madarakani hadi 1998.

Sasa sheria, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Chad ilifanya jaribio hilohilo unaloliuliza, tena kwa bomba linalofanana sana na la kwenu.

Chad ilikuwa na mafuta karibu na Doba, kusini mwa nchi, na haina bahari. Bomba la kilomita 1,070 lilibidi lipite Cameroon hadi Kribi, kwenye pwani ya Atlantiki. Exxon ilikuwa na asilimia 40, Petronas ya Malaysia 35 na Chevron 25. Kampuni hizo ziliogopa kuzika mabilioni ya dola kwenye nchi yenye historia ya vita, zikataka Benki ya Dunia iwemo kama kinga. Benki nayo ikadai masharti, na Chad ikatunga Sheria Na. 001 ya 1999, iliyosifiwa kila mahali kuwa mfano kwa Afrika.

Iliandikwa hivi. Mrabaha na gawio (fungu la faida la mwenye hisa) vilipwe kwenye akaunti maalumu ya Citibank mjini London. Asilimia 10 iwekwe kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Katika kinachobaki, asilimia 80 iende elimu, afya, maji, mazingira, barabara na maendeleo vijijini; 15 iendeshe serikali; 5 irudi mkoa wa Doba. Kamati ya watu 9, wakiwemo wa asasi za kiraia, ipitishe kila malipo. Kwenye karatasi ni vigumu kuona kasoro.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza kabla mafuta hayajatoka. Mwaka 2000 serikali ilipokea bonasi ya kusaini ya dola milioni 25. Bonasi haikuwa mrabaha wala gawio, kwa hiyo sheria haikuigusa, na takriban dola milioni 4 zilinunulia silaha. Ya pili ilikuwa ya namna hiyohiyo lakini kubwa zaidi: kodi ya mapato ya kampuni nayo haikuwemo. Mwanzoni haikujalisha, kwa sababu kampuni zilikuwa bado zinajirudishia gharama. Bei ilipopanda na gharama zikaisha kulipwa, kodi ikawa mto mkubwa unaopita kando ya bwawa lililojengwa kwa uangalifu wote ule. Tena sheria ilitaja mashamba matatu ya mwanzo tu, Komé, Miandoum na Bolobo. Mafuta yaliyopatikana kwingine hayakuhesabiwa. Na hata zile pesa zilizolindwa, kila dola ya mafuta iliyojenga shule iliiachia hazina dola nyingine ya kununua bunduki.

Kisha siasa ikafika. Mafuta yalianza kutoka 2003. Juni 2005 kura ya maoni iliondoa ukomo wa mihula miwili ili Rais Idriss Déby, aliyeshika nchi tangu Desemba 1990, agombee tena. Askari wakaanza kutoroka, waasi wakajikusanya mashariki. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge likaibadilisha sheria: mfuko wa vizazi vijavyo ukafutwa, usalama ukaongezwa kwenye sekta za kipaumbele, na sehemu ya serikali kujitumia ikapandishwa hadi asilimia 30. Januari 2006 Benki ya Dunia ikasitisha mikopo na akaunti ya London ikazuiwa. Aprili waasi waliingia mji mkuu, N'Djamena, wakarudishwa nyuma. Déby akatishia kuyafunga mafuta, na bei ilikuwa zaidi ya dola 70 kwa pipa. Hakuna mkubwa duniani aliyetaka kusikia hilo. Julai wakaafikiana. Februari 2008 waasi walifika tena mpaka karibu na ikulu, na ununuzi wa silaha ukazidi. Septemba 2008 Chad iliilipa Benki mikopo yake ya bomba kabla ya wakati, na mpango mzima ukaishia hapo. Déby alitawala hadi alipouawa Aprili 2021, na mwanawe Mahamat akachukua nafasi yake.

Ukiuliza kosa kubwa lilikuwa wapi, sitataja kifungu chochote. Kosa lilikuwa kwenye muda. Kabla bomba halijafukiwa, Chad ilimhitaji mdhamini, na mdhamini alikuwa na nguvu ya kudai lolote. Siku mafuta yalipoanza kupita, nguvu ile ilihama upande: bomba haling'olewi, kampuni zimekwisha kuzika fedha zao, na anayeweza kuzima bomba ndiye anayesikilizwa. Kamati ile ya watu 9 haikuwa na wapiga kura, mahakama wala Bunge nyuma yake la kuitetea. Mlinzi wake wa kweli alikuwa mkopeshaji wa nje, na mkopeshaji akishalipwa huondoka.

Nilisema nitarudi kwenye mikopo. Mwaka 2014 Chevron iliuza asilimia 25 zake, na Chad ikazinunua kupitia kampuni yake ya taifa, SHT, kwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1 kutoka kwa Glencore, kampuni ya biashara ya bidhaa yenye makao Uswisi. Dhamana ilikuwa mafuta yenyewe: Glencore iliuza mapipa ya serikali, ikajikata deni kwanza, kilichobaki ndicho kikaingia hazina. Wakati wa kusaini, bei ilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2015 ilikuwa chini ya 50, na Januari 2016 chini ya 30. Deni likameza sehemu kubwa ya mapato ya mafuta, posho za watumishi na fedha za wanafunzi zikakatwa, migomo ikafuatana. Mkopo ukapangwa upya mwaka 2015, tena 2018, tena 2022. Kumbuka pia kwamba mwaka uleule wa 2014 Chad ilithibitishwa na mpango wa kimataifa wa uwazi, EITI, kuwa inatimiza vigezo. Uwazi wa malipo ya kampuni ulikuwepo. Masharti ya mkopo ndiyo hayakuwa mezani. Kwa hiyo ukisikia nchi inakopa kwa kuahidi shehena, uliza mambo manne: mapipa mangapi, kwa miaka mingapi, riba kiasi gani, na bei ikishuka nani anabeba.

Ghana ilijifunza kwa Chad na Nigeria. Sheria yake ya 2011 inaikataza serikali kupanga bajeti kwa bei ya leo. Inatumia wastani wa bei wa miaka 7, na kisichozidi asilimia 70 ya makadirio hayo ndicho kinachoingia kwenye bajeti, kingine kinakwenda mfuko wa uthabiti, wa kuziba pengo bei ikishuka, na mfuko wa urithi, wa vizazi vijavyo. Kamati yake ya uangalizi, PIAC, ina wajumbe kutoka vyama vya wafanyakazi, machifu, wanahabari, wanasheria na dini, na ripoti zake zinachapishwa. Tundu lao lilikuwa kwingine: waziri anaweza kupendekeza kikomo cha mfuko wa uthabiti, na kikomo kikishushwa, ziada hutumika. Kilishushwa. Nchi iliweka akiba kwa mkono mmoja huku ikikopa kwa riba kubwa kwa mkono mwingine, na Desemba 2022 ikasitisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Pamoja na hayo naiweka mbele ya Chad kwa umbali mrefu, kwa sababu ripoti ya PIAC ikisema kisima fulani cha maji kilicholipiwa hakipo, kuna gazeti litakaloandika na kuna chama cha upinzani kinachojua kinaweza kushinda uchaguzi kwa hoja hiyo.

Kuhusu vita nitasema kwa ufupi. Mafuta ya baharini mbali na watu huleta wizi zaidi kuliko vita. Mafuta ya nchi kavu, kwenye eneo la jamii inayojiona imetengwa, ndiyo ya hatari: Delta ya Niger kule Nigeria, na Sudan Kusini. Nigeria ilimnyonga Ken Saro-Wiwa wa Ogoni na wenzake wanane Novemba 1995 baada ya kudai haki ya ardhi iliyochafuliwa. Katiba ya 1999 ikarudisha mgawo usiopungua asilimia 13 kwa majimbo yanayozalisha, lakini mgawo ule ukaishia kwa magavana, na mpaka 2009 serikali ilikuwa bado ikitoa msamaha kwa vijana wenye silaha. Kupeleka pesa mkoani si kuzipeleka kwa watu. Sisi wenyewe tulionja mwaka 2013, Mtwara ilipowaka kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Madai ya watu wa Mtwara yalikuwa ya kawaida kabisa: tumeahidiwa viwanda, mbona gesi inapita?

Ndugu yangu, Tanga iko upande wa Kribi, si upande wa Doba. Mafuta si yenu. Tanzania inapata fedha za kupitisha, hisa na kazi, na kila kimoja kina mtego wake wa matarajio.

Kazi kwanza. Ujenzi huita maelfu; uendeshaji wa matangi na gati huhitaji mamia. Atakayegombea kwa kuahidi ajira za bomba baada ya ujenzi kwisha, mwambie ataje nafasi na ujuzi unaotakiwa.

Hisa nazo zinahitaji hesabu ya utulivu. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya kampuni ya bomba, Uganda 15 kupitia kampuni yake ya taifa ya mafuta, UNOC, Tanzania 15 kupitia shirika lake la petroli, TPDC, na CNOOC ya China 8. Kwa mpango wa awali bomba lingebeba mapipa 216,000 kwa siku kwa ushuru wa dola 12.77 kwa pipa. Zidisha: ni kama dola milioni 2.76 kwa siku, karibu bilioni 1 kwa mwaka kwa kiwango hicho. Utasikia watu wakichukua asilimia 15 ya hiyo bilioni na kusema TPDC itapata milioni 150 kila mwaka. Sivyo. Kwanza hulipwa gharama za uendeshaji, umeme wa kuyapasha moto mafuta hayo mazito yasigande ukiwemo, kisha benki zilizokopesha, kisha kodi, na kinachobaki ndicho gawio. Nayo TPDC huenda ikawa na deni la kulipia hisa hizo. Miaka ya mwanzo gawio linaweza kuwa dogo sana, na hilo peke yake halitakuwa ushahidi wa wizi. Ushahidi utatafutwa kwenye hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya bomba, ripoti za TEITI (tawi la Tanzania la mpango ule wa uwazi, EITI), na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, CAG, zinazofika Bungeni kila Aprili, kwenye kurasa za TPDC ambazo wengi huzipita.

Ugomvi wa majirani ni jambo jingine la kulifuatilia. Januari 2012 Sudan Kusini, ambayo karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yake yalikuwa mafuta, ilifunga visima vyake kwa kugombana na Khartoum juu ya ushuru wa bomba: Sudan ilidai dola 36 hivi kwa pipa, Juba ikatoa chini ya dola 1. Mafuta hayakutoka tena hadi Aprili 2013, hazina ikakauka, wakubwa wa Juba wakaanza kunyang'anyana kilichobaki, na Desemba mwaka huo vita ikazuka. Aprili 2023 Chad ilimwita nyumbani balozi wake kutoka Cameroon kwa sababu kampuni ya taifa ya Cameroon ilikuwa inanunua hisa za kampuni ya bomba bila ridhaa yake. Kwetu ushuru umeshaandikwa kwenye mkataba, jambo zuri. Lakini hisa zikianza kuuzwa, fuatilia anayenunua ni nani na nani ameridhia.

Uganda nayo mtaitazama kwa jicho la jirani. Sheria yake ya fedha ya 2015 iliunda Mfuko wa Petroli na kuzipa serikali za mitaa za eneo la mafuta asilimia 6 ya mrabaha. Lakini kabla pipa la kwanza halijasafiri, mwaka 2011 takriban dola milioni 740 zilitolewa Benki Kuu kununua ndege za kivita, Bunge likaidhinisha baadaye. Na mwaka 2017 ikafichuka kwamba maofisa 42 waligawiwa shilingi za Uganda bilioni 6 kama zawadi ya kushinda kesi ya kodi ya mafuta London. Dalili huonekana mapema. Mfuko ukianza kujazwa, linganisha kila mwaka kilichotolewa na kilichoidhinishwa na Bunge.

Na kwenu kabisa: mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria maalumu ya bomba hili, yenye misamaha ya kodi ndani yake. Ipateni nakala, muisome kifungu kwa kifungu pamoja na mtu anayejua sheria za kodi, kisha mwendeeni diwani wenu na maswali mawili ya maandishi: ni tozo zipi bomba na gati vinailipa Halmashauri ya Jiji la Tanga na zipi vimesamehewa, na katika bajeti ya mwaka huu, kilikadiriwa kiasi gani na kimeingia kiasi gani mpaka mwisho wa robo iliyopita.